Kumpeleka Baba kwenye Kengele ya Mihambo

Tangu nirudi Mikumi sijashika sururu nusu saa bila mmoja wenu kuniuliza: Shabani, ilikuwaje huko, na mbona unatembea kama umepigwa magongo? Nimesimulia vipande vipande. Huyu kasikia mwanzo, yule kasikia mwisho, na jana nimemsikia mpishi wetu kwa masikio yangu akisema nilipigana na bibi kizee kanisani. Sikupigana na mtu. Basi nimekaa kitako niandike yote, karani atawasomea wasiojua kusoma, na baada ya hapo mniache nitengeneze barabara.

Wengi wenu mnamjua baba yangu kwa jina tu: Mzee Maganga, Mnyamwezi, aliyekata mkonge katika shamba moja nje ya Kilosa mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Baba yake, yaani babu yangu Mihambo, alikuwa mpagazi, na kabla Mdachi hajaingia nchi hii alibeba kengele ya kanisa kutoka pwani mpaka milima ya Ukaguru. Walianza wawili, kengele ikining'inia kwenye mti mabegani mwao. Mwenziwe akafa kwa ndui njiani, Mihambo akaitwika kichwani peke yake siku zote zilizobaki.

Sikukuu ya Idi, mwaka juzi, baba aliisimulia tena mbele ya wanaume wa shamba zima. Karani mmoja wa pale shambani, mwenye maneno, akamkatiza. Akasema kengele zote za nchi hii zimekuja kwa gari moshi, na hakuna mwanadamu wa kutwika kengele ya kanisa kichwani. Watu wakanigeukia mimi: Shabani, wewe ni mwanawe, sema. Nami, kwa kutaka kuonekana mjanja, nikasema mzee akizeeka, na mizigo ya marehemu baba yake nayo huongezeka uzito. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Tangu siku ile hakusimulia tena, si hadithi hiyo wala nyingine. Nikienda kumwona ananiambia mvua imenyesha, kuku wametaga, basi. Mzee aliyekuwa akikusanya watu kila jioni akawa anakaa nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta. Nilikuwa nimemziba mdomo baba yangu kwa ajili ya kicheko cha karani.

Ndipo mwezi uliopita yule dereva wa lori la mbao, mnamjua, aliponiambia ameona ajabu huko nyuma ya Magole. Serikali imeweka ua kuzunguka nyumba za kale za misheni, zile za kabla ya Mdachi, imekataza mtu kubomoa hata jiwe moja, na anayetaka kwenda kuzitazama ruhusa. Na kengele ipo. Nililala na habari hiyo siku mbili. Niliogopa, nawaambieni kweli. Tukifika tukaambiwa kengele ilikuja kwa gari moshi, nitakuwa nimemfedhehesha mara ya pili, tena kwa safari niliyomtoa mwenyewe nyumbani. Siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini.

Mikumi mpaka Kilosa

Nilipanda lori lilelile, juu ya mbao, pamoja na mama mmoja aliyekuwa na jogoo kwenye tenga na maoni juu ya kila kitu. Hatujamaliza hata maili tano, tembo. Kundi zima limesimama katikati ya barabara, barabara niliyoichimba mimi kwa mikono yangu, wanajipulizia vumbi. Dereva akazima injini. Tukakaa. Jua likapanda, mbao zikapata moto, jogoo akawika, na yule mama akamziba mdomo kwa upande wa khanga akimwambia, "Nyamaza, utatuua."

Tulikaa mpaka saa nne na nusu. Mama akatoa mihogo ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, akatugawia wote, kisha akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nampeleka baba yangu kutazama majumba ya kale.

"Yana nini hayo majumba?"

"Hayana kitu. Ni ya kale tu."

"Mwanangu, nyumba ya kale hata mimi ninayo. Inavuja. Mlete aitazame."

Tembo walipoondoka tukaenda vizuri mpaka Ulaya, na pale dereva akashuka kumsalimia shemeji yake. Kusalimia kukawa kula, kula kukawa kulala kidogo. Nilipandwa na hasira, nikapiga bati la lori kwa ngumi mpaka akatoka anajifunga shuka. Akaniambia kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia hata kulala mchana hakuna baraka. Mama wa jogoo akanicheka mpaka Kilosa, tulikoingia jua limekwisha kutua.

Shambani, kumtoa mzee

Dada yangu Zena ndiye anayekaa na baba. Alinipikia ugali na mchicha wa nazi, na baba akala na sisi kimya. Nilipomweleza nilichokuja kufanya, aliosha mikono kwanza, pole pole, kidole kwa kidole.

"Nikatafute nini huko?"

"Kengele, Baba."

"Kengele haikupotea. Mimi najua ilipo."

Zena akaingilia. "Nenda, Baba. Ukikaa hapo ukutani mwaka mwingine utaota miiba, wakukate kama mkonge."

Hakusema ndiyo wala siyo. Lakini alfajiri nilipotoka nje nilimkuta amesimama njiani kati ya safu za mkonge, amevaa kanzu yake ya Idi na kofia ya kufuma, fimbo mkononi, kama mtu aliyecheleweshwa na gari. Akaniambia, "Nakwenda kwa kuwa miguu bado inakwenda. Usidhani nakwenda kukuonyesha kitu." Kisha akatangulia.

Kilosa mpaka Dumila

Basi liliondoka limejaa, na kufika Msowero gurudumu likapasuka. Gurudumu la akiba lilikuwapo, lakini nalo lilikuwa limepasuka wiki iliyopita na hakuna aliyekumbuka. Kondakta akachukua baiskeli ya mtu akaenda kutafuta dawa ya kuzibia, nasi tukashuka tukakaa kando ya mashamba ya mahindi.

Akaja mfugaji mmoja na ng'ombe wake, mtu mrefu, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini moyo mweupe. Akamwamkia baba. Baba akaitikia kwa kichwa tu. Akamwuliza habari za safari, baba akatikisa kichwa. Yule bwana akanitazama mimi kwa huruma nyingi.

"Mzee yako hana sauti?"

Nikasita. Yeye akachukua kusita kwangu kuwa ndiyo. Akafungua kibuyu chake cha maziwa ya mgando, akammiminia baba kifuniko kizima, kisha akanieleza dawa ya mabubu: mizizi ya mti fulani, ichemshwe na mafuta ya kondoo, anywe siku saba. Alinionyesha na mti wenyewe, kule mbali. Baba akanywa maziwa yote, akafuta midomo, akasema kwa sauti safi, "Ahsante sana, bwana. Maziwa matamu."

Mfugaji akaruka hatua moja nyuma. "Kumbe nasema."

"Nasema," baba akamjibu. "Nasema na wanaosadiki."

Abiria walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka kondakta aliporudi. Neno lile liliniingia kwenye nyama, na sikuweza hata kumlaumu, kwa sababu ni kweli alikuwa akinijibu mimi.

Dumila tulifika alasiri. Mnapajua, hakuna mahali pa kufa njaa: wali, maharage, ndizi za kuchoma, chai ya maziwa, kila mama anakuita mwanangu ili usiende kwa jirani yake. Baba alikula sahani mbili. Tulilala kwa mtu mmoja mwema aliyetupa mkeka na maji ya kuoga.

Magole, na kupanda

Asubuhi tulikwenda kwa miguu mpaka Magole, ni tambarare na njia nzuri. Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi alituonyesha kilima kwa jembe lake. "Nyumba ziko pale juu, mtaona bati linang'aa. Ufunguo anao Bibi Eunike, mjane wa mwalimu. Mjihadhari na mdomo wake." Nilidhani anatania, nikamshukuru.

Kupanda kulikuwa kazi. Njia inapinda pinda kati ya migomba na mashamba ya maharage, mawe yanateleza kwa umande. Baba alikuwa akisimama kila baada ya hatua hamsini, na kila nikitaka kumshika mkono anautoa. Mara ya nne aliposimama alikuwa akihema vibaya, midomo imebadilika rangi, nami nikaanza kuwaza nitamwambia nini Zena nikimrudisha amebebwa. Nikasema, "Baba, tupumzike hapa hata saa nzima." Akajibu, "Babangu alipanda hapa na mzigo. Mimi nina kanzu tu." Ni maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa mwaka mzima, kwa hiyo nikamfuata.

Kwenye nyumba za kale

Kwanza unaona ua wa miti, mpya, na ubao wa Serikali wenye maandishi ya Kiingereza juu na Kiswahili chini: haya ni majumba ya zamani, ni marufuku kuharibu, kwa amri ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya. Nyuma yake kuna nyumba nne. Kanisa refu la mawe na udongo, kuta nene kiasi cha mkono wangu mzima kuanzia bega. Nyumba ya mzungu wa kwanza yenye baraza pande zote. Ghala lisilo na dirisha. Na chumba kidogo cha shule. Zamani zote ziliezekwa nyasi, Serikali imeziwekea bati ili mvua isizile, na kuta zimepakwa chokaa upya. Palikuwa safi, kimya, na baridi ya mlimani. Nilipenda pale papo hapo, hata kabla ya jambo lolote.

Bibi Eunike alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba mlangoni pa kanisa, anachambua maharage kwenye ungo. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, umri wa baba au zaidi. Nikamwamkia vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetoka wapi na jua hili?"

"Kilosa, Bibi, na mimi Mikumi. Tumekuja kutazama nyumba."

"Vema. Ninyi kabila gani?"

"Wanyamwezi."

Kusikia hivyo akaweka ungo chini, akainuka, akamnyang'anya baba fimbo mkononi, akaisukuma chini ya kiti, akakaa tena juu yake. Yote haya uso mkavu kabisa.

"Wanyamwezi," akasema. "Tangu lini Mnyamwezi akapanda mlima huu kichwa kitupu? Mzigo uko wapi? Au mmeuiba njiani mkaula?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Bibi, huyu ni mzee. Tafadhali mrudishie fimbo yake."

"Mzee gani huyu? Mtazame kichwa kilivyobapa juu. Hicho si kichwa, ni meza." Na akanyoosha mkono, akamvua baba kofia yake ya Idi, akaivaa yeye juu ya kitambaa.

Jamani, niliona giza. Nimesafiri juu ya mbao, nimekaa na tembo, nimepasukiwa gurudumu, nimemwona baba yangu akiishiwa pumzi kwenye mawe yale, ili aje avuliwe kofia na bibi wa maharage. Nikainama nikaushika ule mkia wa fimbo uliotokeza chini ya kiti, nikavuta. Nikamwambia kwamba kama hapa ndipo wanapotukaniwa wazee wa watu, basi Serikali ingebomoa tu. Hapo ndipo mpishi wetu anaposema nilipigana. Nilivuta fimbo, yeye alikuwa ameikalia, kiti kikayumba, basi.

Bibi Eunike alinitazama kinywa wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kakasirika," akasema. "Huyu kakasirika kweli."

"Shabani," baba akasema. "Achia fimbo."

Nikaachia. Nikamtazama baba, naye alikuwa na uso wa raha ambao sikuuona tangu Idi ile. Ni mimi tu niliyekuwa mjinga pale. Kule shambani watani wetu ni Wazaramo, hao nawajua, wakinitukana najua kujibu. Lakini Wakaguru, kabila la bibi huyu, hawakuja kukata mkonge, wana mashamba yao mlimani, na mimi nimekua bila kumjua hata mmoja. Sikujua kwamba wao na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mpagazi akifa njiani, wao ndio waliomzika. Akipita mzima, wana haki ya kumtukana na kumpokonya chochote, naye ajibu kwa utani au anyamaze. Akikasirika, amekosa, na anatozwa.

Baba akamgeukia yule bibi. "Haya, wewe mla mlenda. Umemaliza, au unayo mengine?"

"Ninayo ya mwaka mzima. Ninyi si watu wa kulala na kengele kama mke?"

Baba akakaza macho. "Umesema nini juu ya kengele?"

Bibi Eunike akaanza kupiga viganja, kwa mwendo wa mchi unaoingia kinuni, akaimba kwa sauti nyembamba:

"Mihambo, Mihambo, mume wa kengele,
mkeo hazai, mkeo analia tu."

Hatukuwa tumetaja jina. Hatukuwa tumesema neno lolote juu ya kengele, wala juu ya mpagazi, wala juu ya nani ni baba wa nani. Tulisema Wanyamwezi tu.

"Wimbo huo umeupata wapi, Bibi?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mtu mwenye hasira tena.

"Wa kutwangia huo. Bibi yangu ndiye aliyeutunga, na wanawake wote wa mlima huu wanaujua. Alikuja Mnyamwezi mmoja peke yake, kengele kichwani, shingo imevimba. Mzungu hakuwapo, alikuwa amekwenda safari. Wakamwambia iache, wewe nenda ukale. Akasema nimeambiwa niiweke mkononi mwa mwenyewe. Akalala nayo pale, kizingitini," akaonyesha kwa kidole pale miguuni petu, "siku tatu, ameikumbatia hivi, anaogopa tutaiiba. Wanawake wakipita kwenda kisimani wakaona mtu amelala na chuma. Ungeacha kumtungia wimbo?"

Baba alikuwa ameinama. Nilipomkaribia nikasikia anasema, pole pole, "Siku tatu. Mimi aliniambia mbili." Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba sehemu hiyo hakupata kuisimulia kwa mtu yeyote, kwa sababu babu aliionea aibu mpaka kufa kwake. Alipoinua uso alimwambia bibi: "Mihambo ni baba yangu."

Bibi Eunike hakucheka. Alisimama, akaitoa fimbo chini ya kiti, akampa kwa mikono miwili. Akaivua kofia, akaikung'uta, akamvika mwenyewe, akaiweka sawa. Halafu mdomo ukamrudia.

"Basi njoo," akasema, "umwamkie mama yako."

Kengele imetundikwa kando ya kanisa, kwenye magogo mawili yenye paa dogo. Si kubwa kama mnavyodhani, wala kama nilivyodhani mimi. Ukubwa wake ni wa sufuria ya pilau ya arusi. Mtu mzima mwenye shingo anaweza kuitwika, kwa shida, kwa siku nyingi, kama alivyosema baba miaka yote. Sisi ndio tuliojengea vichwani mwetu kengele ya kuvutwa na gari moshi, kisha tukamwita yeye mwongo.

Baba aliigusa kwanza kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha akaingiza kichwa chake chini yake, kofia na yote, akasimama hivyo. Nililia. Mwenye kutaka kunicheka na anicheke.

"Ipige," bibi akamwambia.

"Inaruhusiwa?"

"Ibada sasa ni kwenye kanisa jipya bondeni. Hii haipigwi ila kwa msiba. Lakini mtoto hakatazwi kumwamsha mamaye."

Baba akashika kamba. Sauti ilitoka kali, safi, ikashuka mabondeni ikarudi. Akapiga tena na tena, na kila akipiga mgongo wake unanyooka kidogo. Mimi niliona raha, sikuwaza kitu. Ni bibi aliyekumbuka, akashika kiuno na kusema, "Sasa watakuja."

Wakaja. Kutoka kila upande wa kilima, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanahema, nyuso za msiba. Watu arobaini na zaidi. "Nani kafa?" wakauliza. "Nani, Bibi Eunike?"

"Mnyamwezi," akajibu, akaninyooshea kidole. "Yule pale. Kafa kwa hasira. Nimemtania kidogo tu, kanivuta kiti."

Walipoelewa, kicheko kile nadhani hata Magole kilisikika. Wengine walitaka kunipaka majivu. Mmoja akaanza kunipima urefu kwa mpini wa jembe. Nilikuwa nimekwisha kujifunza, nikasimama kimya wakanipima. Bibi akawaeleza baba ni nani, na wanawake kusikia jina la Mihambo wakaupokea ule wimbo wote pamoja, wanapiga viganja, na baba katikati yao anacheka meno nje.

Walipotulia, baba akainua fimbo. "Watani zangu," akasema, "huyu ni mwanangu Shabani. Nilipowasimulia watu habari za kengele hii, alinicheka mbele yao. Lakini ni yeye aliyenileta hapa. Mtozeni lake, kisha yaishe."

Nilipiga magoti pale pale mbele yao wote. Nikasema, "Baba, nilikosa. Nilijua husemi uongo, nikasema vile ili nicheke nao. Nisamehe." Baba akaniwekea mkono kichwani.

Bibi Eunike ndiye aliyetoa hukumu. Mnyamwezi amepanda mlima mikono mitupu, tena amemkasirikia mtani. Kwa hiyo atashuka na mzigo. Mzigo wenyewe ni huyu mzee, kutoka kizingiti cha kanisa mpaka barabarani Magole, na asiutue chini ila kwa kupumzika.

Lakini kwanza walitulisha: ugali wa mahindi, mlenda, kunde na kuku aliyechinjwa hapo hapo. Baba alikula mlenda bakuli zima, huku bibi akimtazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda shauri.

Kushuka

Nilimpandisha mgongoni pale pale kizingitini, watu wote wanaimba. Vijana wa kilima walikwenda nasi mpaka chini, wakinishika viwiko penye mawe yanayoteleza, na kila nikisimama kuhema wananiuliza kama nataka kulala na mzigo wangu siku tatu. Baba si mzito. Amebaki mifupa na kanzu. Lakini mjaribu ninyi kushuka kilima na mifupa ya mtu inayoimba wimbo wa kutwangia kwenye sikio lako.

Barabarani Magole niliinama ashuke. Shingo ilikuwa inawaka moto. Hakushuka.

"Baba, hukumu ilikuwa mpaka Magole."

"Ndiyo," akasema. "Lakini Dumila hawajaona."

Ningeweza kukataa, nanyi mnanijua, mimi si mtu wa kuburutwa. Nilimpandisha vizuri, nikaendelea. Tuliingia Dumila saa ya mabasi, mabanda yote yamejaa, moshi wa ndizi umetanda, na watu wakaanza kupisha njia kwa huruma. Mama mmoja wa chai akaweka birika chini akauliza mzee anaumwa nini, kama tumpatie maji.

Nilifungua mdomo nijibu. Baba akaniwahi, huko juu, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kukusanya watu.

"Siumwi, mama. Kaa nikueleze. Baba yangu alikuwa mpagazi, jina lake Mihambo."

Yule mama akakaa. Abiria wakasogea, kondakta naye, na mtu mmoja aliyekuwa akikimbilia basi akaliacha liende. Baba hakuharakisha hata neno. Alianzia pwani, akapita njia yote, mwenziwe akafa, mzigo ukapanda kichwani, nami nikasimama katikati ya watu wale naye mgongoni, sioni kitu kwa jasho, mpaka alipofika mlangoni pa kanisa na kuwasimulia hata zile siku tatu za kulala kizingitini na kengele.